Vitaa Sita vya Duarani

Jina lake silitaji. Pale lilipotakiwa langu litajwe mbele ya watu, yeye alilimeza, na mimi sina haraka ya kumtendea wema. Nitamwita Fundi, kama alivyoitwa na Nyahanga nzima, na wenye mabasi wa stendi ya Kahama, na wachimbaji waliokuja kutoka Bugarama na redio zilizojaa vumbi la mawe. Hata mkewe alimwita hivyo. "Fundi amekula." "Fundi leo kaamka vibaya." Ungedhani anamzungumzia mpangaji wa chumba cha uani.

Nilifanya kazi kwenye meza yake miaka sita, nikiwa mtu mzima, mama wa mapacha, si mtoto wa kutumwa dukani. Kisha kwa miaka tisa mingine nilikaa ng'ambo ya barabara namtazama, nikingoja kitu kimoja tu: asimame mbele ya watu aseme kwamba aliyevifanya vile vitaa sita vya duarani virudi juu ni mimi. Radhi ya chumbani sikuitaka. Nilitaka aseme mchana, watu wakiwapo, uso wake ukionekana.

Nianze na mikono, maana ndiyo watu waliyoisifu. Ilikuwa mikubwa, ya mtu wa kupasua magogo, vidole vifupi na kucha pana. Ukiitazama unasema huyu atavunja kila anachogusa. Kumbe ndiyo iliyoweza kuunga waya mwembamba kama unywele kwenye kitaa cha ukubwa wa punje ya mtama, bila kutikisika, huku mwenyewe anamsema jirani. Redio zilimlisha, na simu, na baadaye paneli za sola. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitu vidogo. Alitengeneza mabasi ya plaiwudi na bati, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole, yenye viti ndani na pazia madirishani. Alitengeneza msikiti wenye mnara. Alitengeneza karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mkanda wake unazunguka.

Na vyote vilikuwa na taa. Si taa za kuwaka na kuzimika tu, hizo kila mtu anaweza. Za Fundi zilikimbizana. Indiketa ya basi ilianza kitaa cha ndani, kikafuata cha pili, cha tatu, mpaka ukingoni, halafu tena. Mnara wa msikiti uliwaka ngazi kwa ngazi kutoka chini hadi kwenye mwezi. Watu walisimama dirishani kwake na mizigo vichwani. Mama mmoja alitaka kumnunulia mwanawe basi, Fundi akamwangalia juu mpaka chini. "Mtoto mpe muwa," akamwambia. "Hiki si cha mtoto. Mimi mwenyewe sijamaliza kukichezea."

Chai alikunywa ya tangawizi, kavu, akiamini kwamba sukari inatetemesha mkono. Mimi nikiweka vijiko vyangu vitatu alikuwa ananihesabia kwa sauti, kimoja, viwili, vitatu, kama anatangaza msiba. Shati alilifunga kifungo mpaka cha shingoni hata jua la saa nane. Misemo alikuwa nayo mingi, mingi ameitunga mwenyewe, akaisema kama ameipokea kwa babu zake. "Umeme hauna mjomba." Maana yake ukikosea waya utapigwa tu, uwe nani. "Taa haikopi uvumilivu." Hiyo mpaka leo sijui ina maana gani, na nadhani hata yeye hakujua.

Kisukuma chake kilikuwa kibovu, cha mtu wa mjini, na alikitumia akiwa na shida tu. Siku zote niliitwa Mama Kulwa. Nikisikia "ng'wanawane", mwanangu, najua anakuja na ombi zito.

Sasa niwaambie uchoyo wake. Taa zile zinaongozwa na vijiwe vyeusi vidogo vyenye miguu pande mbili, chipu. Kimoja kinapiga mapigo, tik, tik, tik. Kingine kinahesabu mapigo hayo, kina miguu kumi ya kutolea umeme, na kila pigo likija kinawasha mguu mmoja na kuzima uliotangulia. Basi, siri yote ni hiyo. Mtu akijua namba iliyoandikwa mgongoni mwa chipu, anaagiza yake, anatafuta mchoro, anajifunza. Fundi alilijua hilo. Mzigo ukifika kutoka Dar, kabla ya kunywa hata maji, alikuwa anaishika kila chipu kwa koleo na kuisugua mgongo kwa msasa mpaka namba inafutika. Ukimuuliza ya nini, anajibu, "Jina la mke wa mtu unalitakia nini?"

Miaka sita nilifanya kazi na vijiwe visivyo na majina. Nilivijua kwa mita ya kupimia umeme, mguu baada ya mguu, kama kipofu anavyojua nyumba yake. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nilikula mbichi, na zilinikaa tumboni.

Uchoyo ule ule ulikaa nyumba moja na ukarimu, nami nachukia kulikumbuka hili lakini nitalisema. Kulwa alipopatwa na malaria akalazwa, baba yao yuko machimboni, mimi siwezi kumwacha wodini na mwenzake Doto hana wa kumshika. Fundi alifunga duka. Alimbeba Doto mgongoni kwa khanga, mwanamume mzima mwenye heshima zake, akatembea naye barabarani siku mbili, watu wakimcheka, akiwaambia, "Cheka, na wewe ulibebwa." Redio za wajane alitengeneza bure na kuwatukana wakitaka kumshukuru. Sala hazikumpita. Kuapa hakuapa ovyo. Ukitaka aseme wallahi juu ya redio, alikuwa anakurudishia redio yako.

Mtu wa namna hii angekuwa mbaya moja kwa moja ningeshamsahau. Ndiyo shida yake.

Na kisasi nilikisomea kwake, kama nilivyosomea kulehemu. Kuna kondakta alimshusha mkewe kwenye basi huko njia ya Buseresere, katikati ya mvua, kwa ugomvi wa kiti. Mama wa watu alifika nyumbani na viatu mkononi. Fundi hakwenda stendi kupigana. Alikaa mezani wiki tatu, kimya, akatengeneza lile basi. Rangi ile ile, mkwaruzo ubavuni ule ule, na kile kipande cha bati kilichoning'inia nyuma. Basi lenyewe lilikuwa na taa moja ya mbele iliyokufa, mwenye nalo hajisumbui. Fundi akalipangia taa: zinakimbia ubavuni, zinazunguka nyuma, zinakuja mbele, macho mawili yanawaka, halafu jicho la kushoto linakufa. Kila mzunguko. Akaliweka dirishani.

Wiki haikuisha basi la kweli likaitwa Chongo. Abiria stendi walikuwa wanauliza, "Hili si Chongo?" na kupanda lingine. Mwenye basi akaja mwenyewe kuomba. Fundi akamjibu, "Nyamaza wewe. Mlete aliyemshusha mke wangu." Kondakta akaletwa, akasimama mbele ya duka, mama yule akaitwa kutoka jikoni, na mtaa mzima ukasikia mwanamume yule akiomba msamaha huku anajikuna shingo. Fundi akaunga waya mmoja, jicho la kushoto likawaka, kisha akamnunulia kondakta soda. Jioni akaniambia, "Mama Kulwa, kisasi bila mashahidi ni kikohozi tu." Nililiweka neno hilo.

Lile duara lilikuja baadaye. Chama cha wachimbaji wadogo kilimwomba kitu cha kupeleka kwenye maonesho Geita, na Fundi akaamua kutengeneza duara zima, lile shimo la kuchimbia, likiwa limepasuliwa ubavu ili watu waone ndani. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Udongo alikwenda kuuchukua Bugarama kwenyewe ili rangi iwe yenyewe. Magogo ya kuzuia kuta yasiporomoke aliyachonga kwa vijiti vya kiberiti. Juu kukawa na winchi na kibanda cha turubai. Na kwenye ukuta wa shimo, kutoka mdomoni mpaka chini, vitaa sita, kimoja chini ya kingine, kila kimoja kwenye paji la uso la mtu mdogo wa waya. Ukiwasha, tochi ya kwanza inawaka, ya pili, ya tatu, mwanga unashuka mpaka chini kabisa. Halafu unaanza tena juu.

Siku aliyowasha mara ya kwanza alikunja mikono akanitazama asikie nitasema nini. Nikatazama mara kumi. Unashuka. Unashuka. Unashuka.

"Fundi," nikamwambia, "hawa watu hawatoki?"

"Hawatoki wapi?"

"Duarani. Naona wanashuka tu."

Akacheka. "Ni taa, Mama Kulwa. Taa inakwenda njia moja."

Lakini mimi ni mke wa mchimbaji. Mke wa mchimbaji hahesabu wanaoshuka. Baba Kulwa akiwa chini najua ameshuka, hilo halina habari. Habari ni kupanda. Sikuweza kukitazama kile kitu. Kila mwanga ulipofika chini ukazimika, niligeuza uso. Nikamwambia waziwazi, ukipeleka hiki mbele ya wachimbaji na wake zao, utawapelekea kaburi lenye taa.

Neno likamwingia. Akajaribu. Alifunga miguu ya chipu miwili miwili pamoja, ili miguu ya mwisho iwashe vile vitaa vya kati mara ya pili, wakati wa kurudi. Wazo halikuwa baya. Ila mguu mmoja ukitoa umeme, mwenzake uliofungwa nao unaumeza, na chipu inapata moto kama kikaango. Aliunguza ya kwanza, akaunguza ya pili, duka likanuka. Ya tatu akairudisha kwenye boksi. "Haiwezekani," akasema. "Aliyeiumba hakutaka irudi."

Mimi wakati ule nilikuwa natengeneza paneli ya sola ya mtu. Kila fundi wa sola anajua ndani ya paneli mna diodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja na kuukataa upande wa pili, ili betri isirudishe umeme kwenye paneli jua likishazama. Nikaishika ile diodi mkononi, nikaitazama, nikatazama lile duara. Nikasema kimoyomoyo, wewe mwanamke, mlango wa njia moja si huu hapa!

Nilihitaji nane. Kitaa cha juu kabisa kina mguu wake, cha chini kabisa kina wake, na vile vinne vya kati kila kimoja kinapata miguu miwili, mmoja wa kushukia na mmoja wa kupandia, kila mguu ukiwa na diodi yake mlangoni. Miguu kumi yote ikapata kazi. Nilikesha? Hapana, sikukesha, nilifanya kati ya adhuhuri na alasiri, Fundi yuko msikitini. Aliporudi nikabonyeza swichi bila kusema kitu. Mwanga ukashuka mpaka chini. Ukakaa pigo moja. Halafu ukapanda, mmoja, mmoja, mmoja, mpaka mdomoni mwa shimo.

Nililia, bwana. Nani angeniona vibaya? Fundi alikaa kwenye kigoda chake, akatazama muda mrefu, akasema, "Subhanallah." Akaniandalia chai mwenyewe. Akatia sukari vijiko vitatu, bila kuhesabu.

Kwa hiyo nilipokwenda naye Geita kwenye maonesho nilikuwa nimeshona gauni. Watu walijaa mbele ya lile duara kuliko mbele ya mashine za kweli. Wachimbaji wenyewe walikuwa wanavuta wenzao, "Njoo uone, wanapanda!" Mgeni rasmi akafika na msafara wake, akainama, akatazama. Akauliza, "Mzee, hii ya kurudi juu umeifanyaje?"

Nikaanza kutabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kutabasamu jina langu likitajwa.

"Mheshimiwa," Fundi akasema, "jambo hili lilinijia usingizini."

"Aaah!" watu wakasema.

"Na huyu mama?"

"Huyu? Huyu ananishikia waya wa risasi nikilehemu."

Wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka tu. Na mimi lile tabasamu nilikuwa nimeshalivaa, likanikwama usoni, nikasimama nalo kama mtu aliyevaa nguo ya mwenziwe. Nakumbuka kitu kimoja: hakuapa. Aliusema uongo ule mkavu, bila wallahi. Alijihifadhia mlango wake huko kwa Mungu, na mimi akaniacha nje.

Mtaniuliza mbona sikusema palepale. Mzee amesimama na mgeni rasmi, ndevu nyeupe, kofia safi, halafu mwanamke wa Kisukuma anyooshe kidole aseme mwongo huyo? Ningeonekana sina adabu, na uongo wake ungebaki umekaa kitini. Akapewa cheti. Akakitia kwenye fremu, akakitundika juu ya meza, pale pale nilipokuwa nakaa mimi. Mwezi haukupita, watu wa chuo kimoja cha ufundi wakaja kumuuliza kama anamjua mwanamke mwenye ujuzi wa saketi awafundishe wasichana. Nilikuwa nyuma ya pazia napepeta mchele wa mkewe. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Hakuna," akasema.

Nikatoka nikamkabili. "Fundi, vile vitaa."

"Vitaa gani?"

"Vinavyopanda."

"Chipu ya nani?" akauliza. "Meza ya nani? Risasi ya nani?"

"Na akili ya nani?"

Akavua miwani, akaifuta polepole. "Akili, Mama Kulwa, haina risiti."

Niliondoka na mita yangu na koleo langu. Nikapanga kibanda ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wake. Na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kupata kiti, nilinunua ubao mweusi na chaki. Nikautundika mlangoni. Nikaandika namba zote alizozifuta kwa msasa miaka yote ile, maana nilikuwa nimeshazijua, moja moja, kwa kulinganisha miguu na vitabu vya watu. Nikaandika: 555, hii inapiga mapigo. 4017, hii inahesabu. Nikachora na miguu yake. Chini nikaandika, KUSOMA BURE.

Fundi alitoka asubuhi ile kumwaga maji, akauona. Akavuka nusu ya barabara, akasimama katikati kabisa, pikipiki zinampigia honi pande zote, akatoa miwani mfukoni akausoma wote mpaka chini. Kisha akarudi ndani akafunga duka siku mbili. Raha niliyoipata! Nilikula ugali mchana ule mpaka nikatafuta pa kuegemea. Baada ya mwaka kila anayejua kushika pasi ya kulehemu hapa Kahama alikuwa na kibasi chenye indiketa za kukimbia, na hakuna aliyemhitaji Fundi kuzitengeneza.

Lakini cheti kilibaki ukutani. Wageni wakija walikuwa wanapelekwa kuliona duara, na simulizi ya usingizi ikazidi kunona. Mara aliota malaika. Mara aliota marehemu baba yake ameshika taa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ilifika miaka tisa na lami juu. Tukikutana njiani nilimwamkia, shikamoo, kwa sababu nimelelewa, naye akaitika marahaba, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia. Nilikuwa namwombea maisha marefu. Watu wa kanisani walidhani ni upendo. Nilikuwa naogopa atakufa kabla hajasema.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Wa kulia kwanza, halafu wote wawili. Pamoja na chai yake kavu yote ile. Ningesema sikufurahi ningekuwa mwongo kama yeye.

Mwaka huu wafanyabiashara wa mtaa na wenye mabasi wakaamua kumuaga kwa heshima, ameshastaafu, wampe shukrani angali anasikia. Siku nne kabla ya sherehe nikamwona anavuka barabara. Amebeba kitu kimefunikwa khanga, mkewe kamshika kiwiko. Wakaingia kwangu. Akakiweka mezani, akafunua. Lilikuwa lile duara.

"Ng'wanawane," akasema.

Nikajua.

"Haliwaki. Mwanga unashuka mpaka kitaa cha tatu, unakufa. Nimejaribu." Akainua mikono akanionyesha. Ilikuwa inapepea. "Watu wanataka kuliona siku ile."

Nikavuta kiti nikakaa mimi. Yeye nikamwacha amesimama kidogo. Ndiyo, nilifanya hivyo, na mkewe akiona.

"Nitalitengeneza leo leo," nikamwambia. "Bei yake unaijua."

Akatazama ng'ambo, dukani kwake.

"Utasimama mbele yao wote. Utasema kazi hii si yako. Utasema ni ya Mama Kulwa, na pale Geita ulidanganya. Neno hilo hilo, ulidanganya. Usiniletee 'tulisaidiana.'"

Mkewe akasema taratibu, "Fundi, sema ndiyo."

Kumbe alijua. Mama yule alijua miaka yote.

"Apa," nikamwambia.

Alifumba macho. Yule mtu asiyeapa ovyo. "Wallahi nitasema."

Ilikuwa diodi moja imepasuka na waya umeoza, kazi ya dakika kumi. Nikaifanya saa nzima, nikiipuliza, nikiigeuza, ili akae kwenye benchi ya wateja anitazame. Mwanga uliposhuka ukapanda, hakusema subhanallah. Aliniambia tu, "Umeme hauna mjomba, kweli."

Siku ya sherehe nilivaa kitenge kipya. Nikamtoa Baba Kulwa machimboni, nikawaleta mapacha, wameshakuwa wakubwa, nikaketi mstari wa mbele chini ya turubai. Saa saba mchana, jua linapasua. Wapo watu wa stendi, wapo wachimbaji wa Bugarama, wapo wawili watatu waliokuwapo Geita nikiwa nimesimama na lile tabasamu. Masufuria ya pilau yapo kando, harufu inazunguka. Duara liko mezani, watu wadogo wanashuka na kupanda.

Mshereheshaji akampa kipaza sauti. Fundi akakishika kwa mikono miwili ili kisitikisike. Akaanza na bismillahi. Akatazama chini, akanitazama mimi.

"Ndugu zangu, duara hili mnalolisifu, hizi taa zinazopanda, si kazi yangu. Ni kazi ya Mama Kulwa, yule pale. Aliifanya nikiwa msikitini. Mimi nilishindwa, niliunguza chipu mbili. Pale Geita niliulizwa nikasema nimeota. Sikuota. Nilidanganya."

Neno kwa neno. Hakupunguza hata herufi. Miaka tisa. Nikamshika Baba Kulwa goti. Nikawaza, sasa wanageuza shingo, sasa wananiona, sasa wanamwona.

Mshereheshaji akakichukua kipaza sauti, akaweka mkono kifuani.

"Jamani! Jamani, mnamsikia mzee huyu? Mnaona unyenyekevu? Mtu mkubwa kiasi hiki, jina lake limefika mbali, siku ya heshima yake anaivua anamvika mwanafunzi wake! Anajiita mwongo ili kumwinua mwenzake! Wazee wa hivi wamebaki wangapi? Chanda chema huvikwa pete! Mpigieni makofi!"

Wakasimama. Wote. Vigelegele vikapasua turubai. Wachimbaji walikuwa wanafuta macho. Wale wawili watatu wa Geita walikuwa wanatikisa vichwa kwa mapenzi, wakiambizana kwamba hata siku ile walimwona mzee hana makuu. Mmoja akaniinamia. "Dada una bahati. Mimi fundi wangu aliniibia kila kitu."

Nikasema, "Hapana, sikilizeni, amesema kweli, ni kweli alivyosema." Nani alisikia? Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega, akanisukuma kwa upole. "Nenda ukamshukuru mzee. Nenda, mama, usione haya."

Wakanipisha njia. Simu zimeinuliwa. Mapacha wangu wananitazama, Kulwa anapiga makofi, Doto hapigi. Nikafika mbele yake, na kwa sababu ni mzee, na watu wanatazama, na magoti yangu yamefunzwa hivyo tangu utotoni, nikapiga goti.

"Shikamoo, Fundi. Asante."

"Marahaba."

Akanishika mkono kwa ile mikono yake inayotetemeka, akainama mpaka kofia yake ikanigusa. Macho yalikuwa na machozi, nayaapia, machozi ya kweli. Akaninong'oneza, ameshangaa kabisa:

"Ningejua watapiga makofi hivi, ningesema siku nyingi."